Mashine ya Kupima Pumzi ya Udongo

Mimi ni mwoga. Afadhali niliseme mapema, maana watu wakisikia mwanamke amefanya kazi miaka mingi kwenye misitu ya Mwenga, na vita hivi vyetu visivyokwisha, wanadhani nina moyo wa chuma. Sina. Kwenye kila barrière, vile vizuizi vya askari barabarani, natafuta rozari mfukoni. Nikisikia pikipiki imesimama mbele ya lango letu hapa Nyalukemba, Bukavu, nafikiria kwanza watoto wako wapi, ndipo napumua. Marehemu mama yangu, mtu wa kisiwa cha Idjwi, alikuwa akinicheka: "Weye unaogopaka hata mutumbwi wenye kufungwa." Alikuwa anasema kweli.

Kazi yangu ni kaboni. Wanafunzi nawaambia hivi: mti unakula hewa, unaijenga kuwa shina na majani, majani yanaanguka, yanaoza, na udongo unairudisha hewa ile juu taratibu, kila saa ya siku. Udongo unapumua. Mimi napima pumzi hiyo, nijue msitu unaweka kiasi gani na unatoa kiasi gani. Ndiyo yote. Ujana wangu umeishia hapo, na bado sijapata jibu lote.

Upimaji wenyewe hauna maajabu. Unapigilia pete ya plastiki ardhini, pana kama sufuria ya ugali wa watu wanne, unaiacha hapo miezi. Siku ya kupima unaifunika kwa kifuniko chenye mipira miwili myembamba ya kupitisha hewa. Mipira inaingia kwenye sanduku la njano, sanduku linalia tii, na namba kwenye kioo zinaanza kupanda. Unachuchumaa, unazitazama, unaandika kwenye daftari, unahamia pete nyingine. Sasa jiulize: katika nchi ya dhahabu, mtu akikuona umechuchumaa na sanduku linalolia, unasoma namba, unaandika na husemi neno, atafikiri unafanya nini?

Mimi sikujiuliza. Na diplome zangu zote hizi, sikujiuliza hata siku moja.

Kule nilikuwa na mtu wangu, mzee wa kijiji kimoja ukipita Luhwindja na kuzidi kuingia msituni. Namwita Papa, na yeye ananiita Maman, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Alikuwa anabeba sanduku mgongoni, amelifunga kwa kitenge cha mke wake, na pete zote alizijua hata zikifunikwa na majani. Watu wakimwuliza tunafanya nini, alieleza vizuri kunishinda: "Udongo iko napumua sawa mutu. Maman anakuyaka kuusikiliza." Wenzangu wa chuo nilikuwa nawatania kwamba nikifa kesho, somo langu apewe Papa.

Msimu wa mvua uliopita tulikuta shimo la kwanza. Pete imetupwa pembeni, na mahali ilipokuwa pamechimbwa kina cha mtu mzima. Nilitukana. Nililia pia, kwa hasira, maana udongo ukishageuzwa hivyo, vipimo vya miaka vimekwisha. Tukaenda pete ya pili: shimo. Ya tatu: shimo. Kati ya pete moja na nyingine hapakuguswa hata jani. Papa akachuchumaa ukingoni, akatazama chini, akasema polepole, "Maman, banafuata mashine."

Hapo ndipo nilipoelewa, na woga ukanipanda kutoka miguuni. Mtu akichimba asipate kitu, haulaumu udongo; anatafuta mtu wa kumlaumu. Nikamwambia Papa twende, nikafunga vitu vyangu mbio mbio, nikarudi Bukavu. Nilimwacha kule, kwa sababu kule ndiko kwake. Nilimwahidi nitapiga simu, na nilipopanda pikipiki sikugeuka nyuma.

Yeye ndiye aliyepiga, au nilidhani ni yeye. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, niko jikoni nachambua sambaza, vidagaa vya ziwa letu. Nikaona namba yake, nikaitika kwa furaha. Sauti haikuwa yake.

"Ni maman ya mashine?"

"Wewe ni nani?"

"Papa yako iko hapa na shiye, toka jana. Shimo saba tumechimba, hakuna kitu. Anasema hajui. Kuya na mashine, utuonyeshe penye zahabu iko. Kuya weye moja. Ukikuya na basoda ba serikali, utamukuta mu shimo."

Kisha wakampa Papa simu. Nilisikia anavuta pumzi kwa shida, halafu akasema, "Maman, usikuye." Nikasikia kofi, na simu ikakatika.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia upande wangu wa maneno na amemaliza kuelewa. "Hauendi," akasema. Nikasema siendi. Nikakaa kwenye kiti, mikono inanuka samaki. Sitaki kudanganya: nilitaka kwa moyo wangu wote nisiende. Nikatafuta sababu, na sababu zilikuwa nzuri. Mashine ni ya chuo. Njia imeharibika na mvua. Nina watoto. Yeye mwenyewe amesema nisije. Lakini kila sababu niliyoishika, nilikuwa naona zile pete. Ni mimi niliyezipigilia. Yule mzee akifa, atakuwa amekufa kwa ajili ya pete zangu. Nikanawa mikono, nikaenda kuchukua sanduku. Mume wangu akaanza kulia, halafu akapanguza uso na kumpigia simu mwenye pikipiki mmoja wa parokia yetu, mtu tunayemwamini.

Njiani nilisali rozari nikaichanganya yote. Nilianza Salamu Maria, nikajikuta nahesabu kona. Mlimani baridi ilitupiga pamoja na mvua, na kwenye barrière moja askari akagonga sanduku kwa kidole: "Kuko nini?" Nikamjibu, "Mashine ya shule." Alinitazama usoni muda mrefu, nadhani aliona ninavyotetemeka, akanihurumia kwa kudhani ni baridi. Akafungua njia.

Tulifika alasiri. Nilimwacha mwenye pikipiki chini barabarani, nikapanda peke yangu na sanduku mgongoni. Walikuwa wanaume kama ishirini, matope hadi kiunoni, wamesimama kuzunguka mashimo yao. Mwenye shimo, pedeje kama wanavyomwita, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli. Papa alikuwa chini, mikono imefungwa kwa mpira wa baiskeli, jicho moja limevimba mpaka limefungana. Aliponiona alitikisa kichwa, kama mtu aliyekasirika.

"Washa," akasema pedeje.

Nikaanza kueleza. Maneno yalitoka vipande vipande. "Shefu, hii mashine haijui zahabu. Inajua hewa tu." Wakacheka. Pedeje akatoa mfukoni kikaratasi, akakikunjua, akaweka chembe ya dhahabu juu ya udongo. "Pima hii, tuone kama haijui."

Hapo woga ulinifanya mjinga. Nikachukua kifuniko, nikakiweka juu ya ile chembe, juu ya udongo. Sanduku likalia tii, na namba zikaanza kupanda. Bila shaka zitapanda! Udongo unapumua, uwe na dhahabu, usiwe nayo. Miaka yote nafundisha jambo hilo, na siku niliyolihitaji nililisahau.

"Inaona!" wakapiga kelele. "Munaona? Inaona!"

"Hapana, ngojeni," nikasema, nikahamisha kifuniko mahali pengine, penye udongo mtupu, wajionee. Namba zikapanda tena. Halafu mmoja akaja na jembe, akatia alama ya kuchimba pale pale nilipopima.

Nilichofanya baadaye kilikuwa kibaya zaidi. Nikasema nitawaonyesha pumzi. Karibu yangu alisimama mwanaume wa makamo, rozari shingoni, uso wa mtu mpole. Nikamwambia, "Pumua humu," nikampa mpira mdomoni. Akapumua. Namba zikaruka mpaka juu kabisa, sanduku likaanza kulia bila kunyamaza. Nikageuka kwao, natabasamu kabisa, mjinga mimi. "Munaona? Ni pumzi!"

Hakuna aliyecheka. Pedeje alikuwa ameinuka kwenye kiti.

"Amemeza," akasema.

Kule machimboni kila mtu anajua maana yake. Mtu akipata chembe ndani ya shimo, anaitia mdomoni kama anapangusa jasho, anaimeza, na kuingojea nyumbani kwake. Hakuna wizi wanaouchukia kama huo. Yule mwanaume akageuka rangi ya majivu. "Shefu, naapa kwa Mungu, sikumeza kitu!" Wawili walikuwa wameshamshika mikono. Mmoja wa nyuma akasema tumbo lipasuliwe, iishe. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja kazi iliyobaki.

Nilikuja kuokoa mtu mmoja, na kabla hata sijakaa chini nimewapatia wa pili wa kuua. Mkojo ulinitoka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliusikia ni wa moto miguuni, na sikuweza kuuzuia.

Halafu nikapiga kelele. Sijui nguvu ilitoka wapi, lakini ilikuwa ile sauti ninayowapigia wanafunzi nikiwakamata wanaibia mtihani. "Basi tunapima bote! Kila mutu hapa! Muachie uyo, mupange mustari!" Na wao, Mungu wangu, wakapanga mstari. Nikampa mpira wa kwanza: namba juu, sanduku linalia. Wa pili: juu. Wa tatu, wa nne, juu. Nikautia mdomoni mwangu mwenyewe, likalia. "Na mimi nimemeza? Nimetoka Bukavu leo, nimemeza zahabu ya nani?" Nikaenda kwa Papa, nikamwinamia na mikono yake imefungwa, akapumua kidogo, likalia. Halafu nikasimama mbele ya pedeje na mpira mkononi.

Nikamnyooshea. Kama angenisukuma kwa kidole kimoja ningeanguka. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama yeye, wakiwemo wale anaogawana nao mazao ya shimo. Akauchukua mpira. Akapumua kidogo sana, kama mtu anayeonja uji wa moto, na sanduku likalia vile vile.

Kisha nyuma kabisa mtu mmoja akasema, "Kumbe na shefu amemeza!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye matope. Yule wa rozari alicheka huku machozi yanamtoka, bado wamemshika mikono, kisha wakamwachia. Pedeje hakucheka. Alilitazama sanduku muda mrefu, na nilikuwa naona anavyofikiri: akisema mashine inaona dhahabu, basi mwizi wa kwanza ni yeye, mbele ya watu wake. Akakaa tena kwenye kiti. "Peleka bujinga yako," akaniambia. "Na huyu muzee wako."

Nilimfungua Papa kwa meno, vidole vilikuwa vimekataa kazi. Tukashuka. Sikuthubutu kukimbia, wala sikuthubutu kwenda polepole. Mgongo wangu wote ulikuwa unangojea kitu kutoka nyuma. Papa alikuwa anachechemea, na bado alitaka kunipokea sanduku. Nilikataa, tukavutana nalo njiani kama watu wanaogombania mzigo sokoni. Nikalia, nikamwomba msamaha, nikamwambia ni kosa langu, nilipaswa kuwaeleza watu mapema, nilipaswa kukaa naye siku ile. Akazidi kushuka, macho njiani. Nikadhani ana uchungu na mimi, na nikaona ni haki yake.

Tulipovuka kijito, akasimama. Akageuka akatazama njia tuliyotoka. Akasikiliza. Alipoona hakuna mtu, akanisogelea.

"Maman," akasema kwa sauti ya chini, "miaka yote hii sikukuulizaka kitu. Na bale batu, balinipiga jana, balinipiga leo, sikubaambia. Nilikuambia usikuye, juu basikulazimishe kuonyesha. Sasa tuko shiye babili tu. Iko wapi?"

"Nini, Papa?"

"Zahabu."

Nilimtazama nikitafuta mzaha usoni mwake. Haukuwepo. Lile jicho lake zima lilikuwa linanitazama kwa uaminifu mtupu. Kumbe maneno yote yale ya udongo unaopumua, aliyokuwa anayaeleza vizuri kunishinda, kwake yalikuwa maneno ya kuficha. Alikuwa ananitunzia siri. Amepigwa siku mbili kwa ajili ya siri ambayo haipo, na mimi ndiye wa kumwambia. Niliogopa pale kijitoni kuliko nilivyoogopa shimoni, Mungu ni shahidi wangu. Kule juu nilikuwa naogopa kufa tu.

Nikamshika mikono, kwenye alama za ule mpira wa baiskeli. "Papa, haiko. Haikukuwaka hata siku moja. Ni pumzi ya udongo tu."

Akanitazama kidogo. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, akanipigapiga begani kunituliza, akalichukua sanduku mgongoni mwangu.

"Ndiyo, Maman," akasema, bado kwa ile sauti ya chini. "Ni vile nilibaambia."