Ndani ya Nyumba ya Mwami

Jumatatu nguzo zilikuwa tisa. Jumatano zikawa saba. Ijumaa baba akaniambia, tena kwa sauti ya mtu anayeona mwenzake ndiye mzito wa kuelewa, kwamba nguzo za ndani hazihesabiki, niandike tu kwamba ni nyingi.

"Nyingi ngapi, baba?"

"Weye andika."

Nikafunga daftari kwa kishindo. Nilikuwa nimetoka kazini Smithfield, kwenye ghala la vyakula vya makopo, shifti ya alfajiri. Miguu ilikuwa imevimba, pua inawasha kwa vipimo vya korona visivyokwisha. Nilitaka kulala. Badala yake nilikuwa nimekaa sebuleni kwetu Toongabbie, hapa Sydney, blanketi mabegani, najaribu kuchora ikulu ambayo sijawahi kuiona.

Mambo yalikuwa hivi. Huko kwetu, kwenye milima ya Kivu, nyumba kubwa ya mwami, mfalme wetu, ya miti mitupu, iliungua wakati wa vita, sisi tukiwa tayari kwenye kambi ya wakimbizi. Mwami wa sasa alitaka ijengwe tena. Kamati yake ikagawanyika: wengine wakasema tujenge kwa matofali na mabati, mambo yaishe. Wengine wakasema hapana, miti, kama ilivyokuwa. Mwisho wakakubaliana kwamba akipatikana mtu wa kueleza jinsi nyumba ilivyopangwa kwa ndani, watajenga kwa miti. Asipopatikana, matofali. Wazee wote waliojua walikuwa wameshafariki, ndipo mtu mmoja akamkumbuka baba yangu, yuko Australia, mzima, na simu anayo. Kikao kikapangwa Jumamosi, kwa Zumu, kwenye kompyuta. Mimi nikafanywa karani, bila kuulizwa.

Na kweli baba alikuwa mwenyewe wa hiyo nyumba. Tangu nina akili, kambini na hapa Sydney, hakuna arusi wala matanga yaliyopita bila mtu kumwambia, mzee, hebu tupe ile ya ikulu. Naye anawapa. Kwamba haikuwa na msumari hata mmoja. Kwamba kila ukoo ulibeba nguzo yake begani kutoka msituni, ukaimenya magome wenyewe, na magome hayo hayo yakasokotwa kuwa kamba za kuifungia nyumba. Kwamba kila mwami mpya alijengewa nyumba mpya, kwa sababu miti huoza, na wazee waliichagua miti kwa ajili hiyo hiyo. Iwe inaoza, ili watu walazimike kupanda kilima cha ikulu tena, na koo zilizogombana zijikute zimeshika boriti moja, mmoja huku, mwingine kule. "Ya mawe ingebaki," alikuwa anasema, "lakini sisi tungeachana." Hapo mimi nilikuwa najivuna kuwa mtoto wake.

Habari za nje hazikuwahi kubadilika, hata neno. Ukimuuliza paa lilifungwaje, anakuonyesha kwa vidole, kamba inapita hapa, inarudi huku, unakaza kwa goti. Lakini ukiingia ndani, jamani! Leo chumba cha ngoma kiko kushoto, kesho hakipo. Leo mwami analala upande wa mawio, kesho analala katikati. Kichwa chake kilikuwa kizima mpaka kifike mlangoni.

Nikaanza kuogopa. Kabla ya ghala niliwahi kufanya kazi ya kutunza wazee, najua ugonjwa wa kusahau unavyoanza. Nikawa namtega. Baba, leo siku gani? Ijumaa. Baba, wajukuu zako wa Quakers Hill wana miaka mingapi? Akataja wote, akaongeza kwamba wanamjibu kwa Kiingereza na hapendi. Halafu akaniangalia. "Na leo tunatoa pipa ya taka, ya kifuniko cha njano. Umesahau weye."

Sasa huyu anasahau au hasahau? Nikaenda jikoni kwa mama. Alikuwa anakatakata majani ya sombe, kimya kama kawaida yake baba anapoongea ya ikulu.

"Mama, baba anaanza kupoteza kumbukumbu?"

"Hapotezi."

"Mbona basi kila siku nyumba inageuka?"

Mama akacheka, akageuzia uso ukutani ili nisimwone. Nilikasirika. Nikamwambia mnanichezea, mimi nimechoka, kesho watu wataanza kuchimba mashimo ya nguzo kwa maneno haya. Akasema tu, "Bon, kalale."

Sikulala vizuri. Kama baba atasema uongo, uongo utasimamishwa kwa miti ya koo zote, na siku mtu akija kuugundua, jina lake litaoza nao. Nikisema anaumwa, nikafuta kikao, ni matofali, na mzee wangu anapoteza kitu pekee kinachomfanya awe mtu katika nchi hii. Hapa hana kazi, hana Kiingereza, hana shamba. Ana ikulu tu. Nilichanganyikiwa, sikujua kumlinda ni kufanya nini.

Jumamosi mchana nikamwambia, baba, tuahirishe. Akavaa koti lake la kanisani, kanisa lenyewe limefungwa kwa ajili ya korona, akakaa mbele ya kompyuta saa nzima kabla ya wakati.

Ilipofika saa kumi na mbili jioni, kwao saa nne asubuhi, wakatokea. Wanaume saba kwenye benchi, na nyuma yao kile kilima, kijani hicho. Baba akaanza, na alianza vizuri. Magome, kamba, boriti. Wanaandika. Halafu fundi mkuu, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kufuma, akainua kalamu.

"Asante, mzee. Sasa tuingie. Toka mlangoni mpaka motoni ni hatua ngapi?"

Kule wakaanza kunong'ona, mzee amekwama, ni rezo hiyo, zima uwashe. Haikuwa mtandao. Niliona mkono wa baba juu ya goti, unakaza kamba isiyokuwepo.

"Baba," nikamwambia chini chini, "sema kumi."

"Sijui," akasema. "Miye sikuingiaka mule ndani."

Mungu wangu! Nilitamani kuzima kompyuta. Baba akaendelea, haniangalii mimi, anaangalia kile kilima.

"Miye nilikuwa mfunga kamba. Mnajua desturi. Mwenye kufunga paa anajua pa kulifungulia, basi moto ukishawashwa haingii tena. Haingii wala haulizi. Nilifunga nikiwa kijana wa juu kabisa kule, nikashuka, njo mwisho. Kambini watu walinishika. Tuambie ya nje, nikawaambia. Tuingize ndani. Watu wamelala chini ya hema, mvua inawanyeshea, wanataka kuingia. Nikawaingiza."

Kumbe hakusahau chochote! Alikuwa anabuni kila siku upya, na siku zote hizi mimi namhesabia nguzo. Niliona aibu kwa ajili yake, halafu hasira, halafu nikamhurumia mpaka machozi yakaja.

Mzee wa mwisho kwenye benchi, ambaye hakuwa amefungua mdomo, akajisogeza karibu na simu.

"Ile nyumba iliungua," akasema. "Mafundo yako yaliungua nayo. Hakuna cha kufungulia tena. Uliza, ndugu yangu."

"Niulize nani?" nikadakia mimi. "Si mmesema wote wamekufa?"

Baba akageuka kwenye kiti, akatazama jikoni.

"Mama wa watoto," akaita. Sauti ilikuwa ndogo. "Ndani kulikuwaje?"

Mama akatoka anafuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa amesikia yote, nyumba zetu za hapa hazifichi neno. Mimi nikamtazama huyu, nikamtazama huyu, sielewi kitu.

"Nilikuwa natandika nyasi mule," mama akaniambia mimi, kama ananieleza chumvi ilipo. "Asubuhi kwa asubuhi, miaka mitatu, kabla ya kuolewa. Ukoo wetu ndio wa nyasi."

"Na hukusema?"

"Juu ya nini niseme? Angeuliza, angevunja mwiko. Ningesema bila kuulizwa, ningemvunjia yeye heshima. Tena nyumba ya kwake ilikuwa nzuri kuliko ile yenyewe. Ile ilikuwa moshi tu."

Fundi mkuu kule akacheka kwa nguvu, na benchi zima likamfuata. "Mama," akasema, "nguzo ngapi?"

"Nne."

"Nne tu?" mimi na baba tukasema pamoja.

"Nne. Moja ilipinda."

"Na hatua?"

Mama akafikiri. Akasema kichwa hakijui, miguu ndiyo inajua. Akavua malapa, akaenda kuegemeza mgongo kwenye mlango wa kioo wa baraza, akafumba macho. "Hapa mlango," akasema, akaanza kutembea. Moja. Mbili. Nikabeba kompyuta, kamati nzima mikononi mwangu, nikamfuata. Nne, akapita hita. Saba, akagusa meza. Tisa, sebule ikaisha, naye hajafika. Akafumbua jicho moja, akafungua mlango wa nyumba, akaendelea kwenye ujia wa ghorofa.

"Mama, vaa maski!"

"Kumi na moja," akanijibu.

Jirani wetu wa ng'ambo akafungua mlango wake kidogo, akaona mwanamke peku na mwingine kakumbatia kompyuta inayopiga kelele, akafunga. Mama alisimama mbele ya kizulia cha jirani cha kufutia miguu.

"Kumi na nne. Moto uko hapa."

"Kumi na nne!" wakapokea kule, na nikasikia mtu anatumwa akalete kamba ya kupimia. Nikageuza kompyuta ili baba naye awaone.

Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa bado ndani, amesimama pale kwenye kioo mama alipoanzia, viatu amevivua, ameviweka pembeni vimelingana. Anaangalia zulia mbele ya vidole vyake, havuki.

"Njoo basi, baba," nikamwita. Hakunisikia. Alikuwa anamtazama mama, kule mwisho wa ujia, umbali wa hatua kumi na nne.

"Inama," mama akamwambia. "Mlango ni mfupi."

Baba akainama, akaingia.