Kadi Mia Mbili

Juzi, katika kikao cha waandishi, mzee mmoja mwenye heshima zake alinishika mkono akaniambia kwamba Kiingereza changu kina maneno ambayo Waingereza wenyewe wameshayasahau. Alidhani ananisifu. Nilitabasamu kama nilivyofunzwa, nikaiacha chai yangu nusu, nikaondoka. Ndiyo maana nakuandikia wewe, rafiki yangu. Wewe hutaniambia nitulie.

Nyumba yetu ilikuwa Kibokoni, katika uchochoro mwembamba ambao muuza kahawa akipita na dele lake, mtu hujibanza ukutani. Ilikuwa miaka ya sitini, bendera mpya imeshapandishwa. Asubuhi palinuka mahamri na mbaazi za nazi. Nyanya ndiye aliyekaanga, mimi nilikuna nazi juu ya mbuzi, na huku nakuna nimeegemeza kadi kwenye sufuria, midomo inanicheza. Obstinate, mkaidi. Lament, kuomboleza. Posterity, watakaokuja baada yetu.

"Waomba dua gani hiyo?" nyanya aliuliza.

"Maneno ya mtihani, nyanya."

"Hebu nambie moja."

Nikamwambia la ukaidi na maana yake. Akageuza hamri mafutani. "Hilo kwetu limejaa tele, wala halikuhitaji mtihani. Muulize babako."

Baba alikuwa karani wa bandari, Kilindini. Yeye alisema bila maneno hayo mtu huishia kubeba magunia Shimanzi, na mwalimu wetu alisema hivyo hivyo, kwa fimbo. Hakuwa mgeni mwalimu huyo. Alikuwa mtoto wa mji, kasoma chuo kimoja cha Kurani na wajomba zangu, na hilo ndilo linaloniunguza hadi leo. Alitutaka tuwe na kadi, neno upande mmoja, maana upande wa pili. Zangu nilizikata kwenye maboksi ya viatu. Ijumaa moja alizikunja mkononi, akazitupa dirishani.

"Maneno makubwa hayakai kwenye boksi la viatu! Jumatatu nataka mia mbili, kwenye karatasi ya maana. Asiye nazo, darasa la jioni asinifikie."

Darasa la jioni ndilo lililokuwa likipasisha watu.

Nyanya alikuwa amekwenda Takaungu kwenye matanga. Chumbani mwake palikuwa na kasha, na ndani yake bahasha ya kitambaa yenye karatasi nzito, za rangi ya maziwa, zimeandikwa upande mmoja tu. Nilizijua. Ulikuwa wasia wa mashairi ambao mamake nyanya aliutunga kwa ajili ya mabinti wa nyumba yetu, kwa Kiswahili chetu, kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wake. Nakala nyingine haikuwako. Nyanya aliniahidi kwamba nikishahitimu chuo cha Kurani, mimi ndiye nitakayeunakili, kwa kuwa mato yake yalikuwa yameanza kumtupa, haoni vyema herufi.

Sasa sikiliza nilivyofanya, na usinitetee. Sisi tulilelewa kwamba karatasi yenye herufi za Kiarabu haikanyagwi wala haitupwi, ukiikuta njiani waiokota na kuiweka juu, pengine ina jina la Mungu. Basi niliipitia kila karatasi kwa udhu. Palipokuwa na Bismillahi, au jina lolote la Mola, nilikata ukanda wake kwa adabu, nikaubusu, nikauweka kidakani, pale ukutani. Pengine pote palikuwa Kiswahili tu. Kiswahili tu! Hakuna aliyenifunza kukitilia udhu hicho. Nikaukata wasia vipande mia mbili, nikaandika Kiingereza mgongoni, na maana zake nikazibana pembezoni mwa mwandiko wa bibi yule.

Mwalimu alifurahi mno. Alizitwaa zote akawagawia wanafunzi wake bora wa madarasa mawili, kama zawadi. Nikarudi nyumbani bila hata moja.

Nyanya aliporudi, alianza kuona kanda zile kidakani. Akazishika, akafungua kasha. "Ndoo hapa," aliniita, polepole. Nikamwambia yote. Hakunipiga. Alivaa buibui lake, akanishika mkono mpaka shuleni, yeye ambaye hakuwahi kuvuka lango lile.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasimama. "Mjukuu wako ana maneno mia mbili ya Kiingereza. Wataka nini tena?"

"Na mimi nataka yangu mia mbili."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka. Akasema watoto wameshakwenda nazo makwao, nyingine zimelowa, nyingine zimepotea, na kwamba zama za mashairi ya majikoni zimepita.

"Mamako alikuimbia kwa lugha gani, wee?" nyanya alimuuliza. Kisha akanishika tena mkono, tukatoka.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba, mpaka Mbaraki, tukapata kadi thelathini na moja. Akazitandaza mkekani, mimi nasoma, yeye akijaribu kuunga. Alikuwa akikumbuka mwanzo wa ubeti, kisha anatafuta hewani kwa kidole. Siku ya tatu alisema, "Leta kalamu, nikwambie niliyo nayo kichwani, yasije yakanitoka na haya."

"Kesho, nyanya. Nina mtihani."

Nilifaulu. Baba alichinja mbuzi, mwalimu akala nasi. Nikapelekwa shule ya bweni, kalamu sijaileta bado, na muhula wa pili barua ikanifuata kwamba nyanya hayuko tena.

Mwalimu nimemkasirikia miaka yote hii, na baba, na wote waliocheka siku ile. Lakini neno "kesho" lilitoka kinywani mwangu, kwa Kiswahili safi. Uchochoro wetu ungalipo. Mabinti wanaolewa humo bila wasia, na hawajui kwamba walitungiwa. Nina kipande kimoja kinachosema: "Mume akiya na moto, wewe..." yaani akikujia kwa hasira, na hapo makasi yangu yakapita. Wewe nini? Unyamaze? Umjibu? Utoke? Bibi yule alijua, na alituambia.

Mwaka jana nilijaribu kuyajaza mapengo yale. Mizani nazijua, vina navijua, ndiyo kazi yangu. Beti ziliingia vizuri, zikaimbika. Nikazisoma kwa sauti mara moja, nikasikia sauti yangu, si yake, kisha nikazichana.