Nyayo Zilizoanzia Barabarani

Wenzake walimwita Darubini, kwa sababu macho yake yaliona mbali kuliko yao wote. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mwembamba, si mtu wa maneno mengi, na nusu ya umri wake alikuwa ameitumia akitembea mbele ya bunduki za watu wengine. Kazi yake ilikuwa kusoma nyayo. Wageni walikuja kuwinda kwa kibali. Yeye aliwatafutia mnyama, akawasogeza karibu, kisha akasimika ile miti mitatu iliyofungwa pamoja ambayo mwindaji huegemeza bunduki isitikisike.

Binti yake, kifungua mimba, alikuwa karani wa kampuni hiyohiyo. Yeye ndiye aliyejibu barua za wageni. Wengi waliuliza jambo moja: wanyama wenu wako huru, au mmewafungia ndani ya uzio? Naye alijibu kama alivyoelekezwa na bosi, kwamba pori letu halina uzio, mnyama huenda apendako.

Barua hiyo ndiyo iliyomleta daktari wa meno mmoja mstaafu, mzee mcheshi aliyekula chumvi nyingi. Alitaka nyati dume.

"Lakini awe wa porini kweli," alisema siku ya kwanza. "Wa kufugwa simtaki. Bora nirudi mikono mitupu."

Walitembea siku tisa. Nyati walikuwepo, ila kila waliponyatia upepo uligeuka, na kundi likatimka. Siku ya kumi, ya mwisho katika kibali, bosi alikuja kambini mwenyewe, kifua mbele.

"Leo tuanzie upande wa barabara ya zamani," alisema. "Nina hisia nzuri."

Haikufika saa tatu asubuhi Darubini akaziona. Nyayo za dume kubwa, mbichi kabisa. Alifurahi. Ila kwa mazoea alirudi nyuma kidogo kuangalia mnyama alikotokea. Hakutoka mtoni wala kichakani. Nyayo zilianza ghafla barabarani, kando ya alama za matairi mapana ya lori, mahali udongo ulipochimbika kama kitu kizito kimeruka chini. Akachokoa kinyesi kwa kijiti. Kilikuwa na punje za mahindi.

Nyati wa porini angeyapata wapi mahindi?

"Darubini, nyati yuko mbele. Huko nyuma unatafuta nini?" Bosi alikuwa amesimama nyuma yake, akiongea kwa sauti ya chini.

"Bosi, huyu mnyama..."

"Huyu ni nyati. Na binti yako yuko ofisini kwangu, sivyo?" Alisema akitabasamu, daktari asishtuke.

Darubini akaongoza njia. Alitamani nyayo zipotee, lakini zilikuwa wazi hata mtoto angezifuata. Nusu saa baadaye dume lilikuwa mbele yao, uwandani, hatua sitini hivi. Liliinua kichwa. Nyati wa porini angekoroma akimbie, au angewashukia kama maporomoko. Huyu alianza kuja, taratibu, moja kwa moja kwao.

"Anakuja! Simika miti!" bosi alinong'ona. "Daktari, jiandae."

Darubini alielewa. Mnyama alikuwa ameona watu, na kwake watu walikuwa ndoo ya chakula. Hatua arobaini. Hata hivyo pembe ni pembe, na risasi moja ya pembeni ingemgeuza kifo chenye miguu minne. Daktari alikuwa ameinua bunduki bila egemeo, mtutu ukimtetemeka.

"Darubini! Miti!"

Akailaza miti chini.

"Daktari, usipige," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Huyu ameshushwa kwenye lori leo. Mtazame sikio la kushoto."

Sikio lilikuwa na tundu la kipini cha namba, kama la ng'ombe wa shambani.

Bosi aliinua bunduki yake.

"Ukimpiga ni wako," daktari alimwambia bila kugeuka. "Mimi simo."

Bosi akaishusha. Walirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua. Dume liliwafuata hadi hatua ishirini. Likainamisha kichwa. Kisha likaanza kula majani.

Kabla ya adhuhuri unga wa Darubini ulikuwa umeshamwagika. Jioni binti naye aliingia nyumbani na mfuko wa vitu vyake vya ofisini. Alikuwa ameamriwa amwandikie daktari kwamba msoma nyayo alikosea, akakataa.

"Ungenidokeza, baba."

"Saa ngapi, mwanangu?"

Binti aliuweka mfuko chini. "Barua zile niliziandika mimi. Ni wangapi waliopigishwa wanyama wa lori?"

Darubini aliyakumbuka madume ya msimu uliopita, yaliyopatikana upesi mno siku za mwisho. Nyayo zao hakuwahi kurudi nyuma kuziangalia.

"Sijui," alisema. "Na nilipaswa kujua."

Binti aliyaandika yote kwa ofisi ya wanyamapori, na kampuni ikafungiwa kibali. Baba alifyatua matofali miezi minane, akiambiwa na majirani kwamba amejitia kimbelembele. Kisha kampuni nyingine ikamchukua, kwa maombi ya daktari. Safari yake ya pili na daktari ilikuwa ya siku kumi na mbili. Siku ya saba walimkaribia dume mzee ndani ya matete, karibu mno hata wakasikia anavyotafuna. Tawi likakatika chini ya kiatu cha daktari, na matete yakapasuka kwa kishindo. Mnyama hakuonekana tena.

Daktari aliketi chini pale pale, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Darubini alikuwa tayari ameinama, akitazama nyayo zimeelekea wapi.