Bibi Alivyomtafuta Mjomba kwenye Ngano

Mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi, alikwenda kufanya kibarua cha mavuno kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, hakurudi. Wenzake aliotoka nao kijijini kwetu Endagikot walirudi wote. Walisema siku ya mwisho alivaa sweta lake la kijani, akabeba begi, akaenda kutafuta lifti kwenye barabara ya Basotu. Polisi waliandika maelezo, katekista akatangaza kanisani, mwaka ukapita kimya.

Mjomba alikuwa mtu wa vituko. Siku moja aliiga sauti ya katekista vizuri mno, mama akatoka mbio kumpokea mgeni, kumbe ni mdogo wake amejibanza nyuma ya zizi. Nyumba bila yeye ilipoa.

Msimu wa mavuno uliofuata, jirani yetu alirudi kutoka Haydom alikompeleka mkewe hospitali. Hakupita hata kwake.

"Mama, nimeliona lile sweta," alimwambia bibi. "Mtu mrefu, nimemwona kwa mgongo tu, anapanda lori la Basotu."

Bibi ndiye aliyelifuma. Uzi wa kijani ulimwishia, mkono wa kushoto akaumalizia kwa mweusi.

"Mkono una nyeusi?"

"Una nyeusi."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule, kwa hiyo nikaambiwa nimsindikize bibi kumtafuta. Bibi alibeba blanketi, samli na ndizi za kutosha harusi. Kwenye basi alisalimiana na kila abiria, na kijana aliyesahau shikamoo alikumbushwa mpaka akaitoa.

Haydom tulipata lori la vipuri likatushusha kwenye kambi ya vibarua, katikati ya mashamba. Ngano ilikwenda mpaka macho yanachoka. Mnyapara alituambia hamjui mtu wetu. Bibi akawa anaitazama kombaini, ile mashine ya kuvunia, iliyosimama karibu.

"Nipandisheni pale juu, nione," alisema.

Dereva alimtazama mnyapara, mnyapara akatazama pembeni, bibi akapandishwa. Ilikuwa saa ya chakula, mashine zote zimezimwa. Akaweka mikono mdomoni akaita kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwa nguvu zake zote, "Mwanangu, njoo ule!"

Wanaume watatu wakaitikia kutoka upande mwingine wa shamba. "Naam, mama!" Wakaja mbio, kila mmoja akidhani mama yake ndiye aliyekuja. Bibi alicheka mpaka dereva akamshika asianguke. Aliposhuka, ndizi zote akawapa wale watatu, nao wakala wamesimama, wenye aibu na furaha. Tulipowaeleza, mmoja wao alilifahamu sweta.

"Mwenye nalo anachunga ng'ombe kule ziwani," alisema.

Tulimkuta ziwani Basotu akinywesha mifugo. Kwa nyuma alikuwa mjomba kabisa. Aligeuka. Alikuwa Mbarabaig, wa wale wafugaji wa tambarare, umri wa mjomba, na sura yake nilikuwa sijawahi kuiona. Bibi akakaa chini kwenye majani. Nilidhani atalia.

"Si yeye," alisema. "Lakini sweta ni langu."

Tulipomweleza, yule bwana alilivua papo hapo, akabaki anatetemeka kwa upepo. Alilinunua mnadani, kwenye mitumba. Bibi akalinusa.

"Linanuka ng'ombe."

"Nisamehe, bibi."

"Vaa, mwanangu, utaugua. Mwenyewe akirudi nitamfumia jingine."

Alitukaribisha kwa mama yake tukakaa siku mbili, tukisubiri mnada. Bibi alikulia kwenye hofu ya watu wa tambarare, na mama yule nadhani naye alikuwa na hofu zake kuhusu sisi wa milimani. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kanisani, cha mwenzake cha mnadani. Siku ya pili walikuwa wanacheka pamoja kwa mambo ambayo mimi mwalimu sikuyaelewa.

Mnadani yule bwana alitupeleka kwa muuzaji wa mitumba, naye akaugeuzageuza ule mkono mweusi. "Nanunua kwa watu wengi, bibi. Sikumbuki." Tukapita polisi, wakaongeza ukurasa kwenye faili. Hapo ndipo njia ilipoishia.

Krismasi ile yule bwana alikuja Endagikot kwa miguu na basi, amebeba kambare wa kukaushwa. Majirani walijaa uani kumtazama. Wadogo zangu walipoanza kumwita mjomba, bibi aliwakatiza.

"Mjomba wenu hajafika. Huyu ni mwanangu mwingine."

Alikuja karibu kila Krismasi, baadaye na mkewe, halafu na watoto wanaokula makande kama wamezaliwa kwetu. Bibi alifariki bila kujua mwanawe alipatwa na nini. Mimi pia sijui. Kuna siku nafikiri mabaya, ila si nyingi.

Mwaka juzi nilikwenda kituoni kuulizia lile faili. Halikuonekana. Askari, binti mpole, akaamua kuandika upya.

"Urefu?"

"Mrefu."

"Umri?"

Nilitaka kusema ishirini na nne, umri aliokuwa nao tulipoagana. Nikahesabu miaka iliyopita kwa vidole, nikaanza tena.

"Andika mzee," nikamwambia, na tukacheka wote wawili. Nilitoka pale nikiwaza, kwa mara ya kwanza, kwamba mjomba ana mvi.