Njumu za Farasi Kwenye Nyasi za Gitting

Mimi ndiye mtu wa kwanza Gitting kumiliki farasi, na sijasikia aliyebisha. Wenzangu waliokwenda kutafuta maisha walirudi na redio kubwa, magodoro na baiskeli za gia. Mimi nilirudi na farasi jike wa rangi ya kahawia, sanduku la vifaa vya kwato, na stashahada ya afya ya mifugo niliyoisomea nikiwa mtu mzima, ada nikiilipa kwa mshahara wa kuzoa mavi ya farasi wa watu nje ya jiji la Nairobi. Hakuna mjomba aliyeniandikia barua ya kazi. Nilianza na koleo la kuzolea na nikamaliza nikiwa fundi wa viatu vya farasi, kazi ambayo hata leo sijui mwingine anayeiweza kuanzia Mbulu mpaka Hanang.

Nilirudi wakati mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha na kila mtu akawa anasema mambo sasa yatakuwa karibu. Josho la kijiji lilikuwa limekufa siku nyingi, dawa za mifugo zinauzwa madukani, na mwenye elimu alikuwa na nafasi. Nilitibu ng'ombe wa watu na nikala vizuri. Lakini shabaha yangu ilikuwa wageni wanaokuja kupanda mlima Hanang. Niliona watapenda kuzunguka chini ya msitu juu ya farasi, na hakuna mwingine ambaye angeweza kuwapa.

Shida ilikuwa nyasi. Chini ya msitu pana mteremko wa malisho wenye nyasi fupi, nene, na asubuhi ukungu unapotanda zinalowa kama zimemwagiwa maji. Farasi aliyevaa kiatu cha chuma laini anateleza pale. Na bila chuma, mawe ya barabara ya kutoka nyumbani kwetu yangemla kwato, maana ni mwendo wa saa moja na nusu.

Dawa yake ni njumu. Mcheza mpira anaelewa: ni vyuma vidogo vinavyofungwa chini ya kiatu ili kishike ardhi. Kila kiatu cha farasi nilikitoboa matundu mawili, moja la ndani na moja la nje, nikayachonga mizunguko kama ya nati. Ardhi ikiwa ngumu unafunga njumu ndogo zenye ncha; ikiwa tope, unafunga kubwa butu. Usifunge upande mmoja tu, utampinda mguu. Unafunga ukifika kwenye nyasi na unafungua kabla ya kurudi barabarani. Katikati ya hapo, matundu unayaziba kwa pamba yenye mafuta ili mchanga usiingie. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani, sikuhitaji kufungua daftari.

Siku ya kwanza nilipomfunga njumu pale malishoni, jirani mmoja, ambaye shamba lake la mahindi ndilo la mwisho kabla ya nyasi, alisimama akanitazama mpaka nikamaliza.

"Bwana Diploma," akasema, "huyo anacheza namba ngapi?"

"Winga wa kulia."

"Basi mwambie asimpige kipa teke, refa wa huku hajui sheria za farasi."

Nilimwacha acheke. Farasi alipanda ule mteremko na kushuka bila kuteleza hata mara moja.

Kisha ikaja nafasi niliyokuwa naingojea. Mama mmoja wa kampuni ya utalii ya Arusha alituma ujumbe kwamba atakuja kumwona farasi. Akiridhika, wageni wake wote wa kiangazi wangepita kwangu. Asiporidhika, nilikuwa sina njia nyingine ila kumuuza farasi kwa mwenye shamba mmoja wa Arusha aliyekwisha kunibembeleza mara mbili, kwa sababu farasi anakula na hatoi maziwa. Kazi ya Nairobi nilikwisha kuiacha. Ilikuwa aje aridhike, au nirudi kuzoa mavi.

Siku tatu kabla ya hapo niliitwa Tlawi kutibu ng'ombe, nikamwachia baba farasi. Nilirudi jioni ya kuamkia ugeni, nikalala. Alfajiri tulitoka, mimi, baba na farasi, na kwa kuwa njia ilikuwa na tope sikujisumbua kutazama chini ya kwato. Hilo ni kosa langu na ninalikubali. Nilipofika malishoni nikainua mguu wa kwanza, sikuona pamba. Niliona kitu cha kijivu, kigumu, kimesawazishwa vizuri na chuma.

"Baba, nani ameziba matundu?"

"Ni mimi. Pamba yako ilikuwa imedondoka yote. Ungesema ahsante."

"Umeziba na nini?"

"Samadi ya ndama na majivu. Hata fukusi hapiti hapo."

Baba alikuwa amesiliba kwato za farasi kama anavyosiliba kihenge cha mahindi. Kwetu tundu haliachwi wazi, na mtu akitaka kuziba kitu kikazibika, hachukui pamba. Samadi ya ndama ni laini, inaingia kila mahali, na ikikauka na majivu inashika kweli. Ilikuwa imeingia katika kila mzunguko nilioukata. Sikuweza kumlaumu, kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Nilichokonoa kwa msumari. Matundu yalikuwa manane. Nilikuwa kwenye la tatu gari la wageni lilipofika, likiwa na yule mama na dereva wake.

"Shikamoo, mzee," akamwambia baba.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akanigeukia mimi. "Kaka, habari ya asubuhi. Nitakuambia ukweli mapema. Mgeni wangu alianguka na farasi mahali fulani, akavunjika mtulinga, na mimi ndiye niliyemuuguza hospitali. Kwa hiyo nataka nikuone unapanda mpaka kule juu na kushuka. Halafu na mimi nipande."

"Hakuna tatizo," nikasema. "Nipe dakika kumi."

Haraka ile ndiyo iliyoniponza. Tundu la tatu halikuwa limesafika, nikalazimisha njumu kwa spana. Ikaingia nusu, ikagoma. Nikaongeza nguvu, ikakatika shingo na kipande kikabaki ndani, kimechomoza.

"Fundi," akasema dereva, "hiyo imekula kwako."

Yule jirani alikwisha kufika, na wengine wanne nyuma yake. Akaniinamia sikioni. "Panda hivyo hivyo. Huyo mama ni wa mjini, atajua nini?"

Sitasema sikulifikiria. Lakini kule Nairobi nilimwona farasi akiteleza kwenye nyasi zilizolowa na viatu laini, akakaa chini kama mbwa, na hakuinuka tena. Mtu aliyeona hilo hapandi hivyo hivyo. Na kiatu chenye njumu moja iliyokatika kilikuwa kibaya kuliko kisicho nayo kabisa. Ilibaki njia moja, na niliijua, ila sikuipenda: kwato tupu hushika nyasi kuliko chuma laini. Ilibidi nimvue farasi viatu mbele ya watu wote niliowahutubia juu ya viatu hivyo mwezi mzima.

Nikachukua nyundo na koleo la kung'olea. Nikanyoosha ncha za misumari, nikavuta.

"Leo vya Nairobi vinaingia gunia!" akapiga kelele mmoja.

"Anamvua ili iweje? Wanaingia kulala?"

Niliendelea kuvuta. Baba alishika hatamu, akimkuna farasi shingoni. Viatu vyote vinne vilitoka bila kung'oa hata kipande cha kwato, kisha nikapiga tupa kingo zake ili zisipasuke kwenye matundu ya misumari. Fundi wa kawaida angetumia asubuhi nzima. Mimi nilitumia chini ya saa moja, tena nikiwa nimekasirika.

Yule mama alikuwa amekaa kwenye jiwe akinywa chai ya chupa. "Kaka, ngoja nikuulize. Viatu vilikuwa vya nini?"

"Vya barabara."

"Na njumu?"

"Za viatu."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilipanda.

Tulikwenda juu moja kwa moja mpaka ukingo wa msitu. Wakati wa kushuka, mguu wa nyuma wa kushoto ulikwenda kando kidogo, akaukusanya mwenyewe kabla sijagusa hatamu. Nilirudia mara ya pili kwa kukata mteremko upande, ambako ndiko kugumu. Hakuteleza. Kisha yule mama akapanda, mimi nikiongoza kwa kamba, na aliposhuka akanirudishia hatamu.

"Nimeridhika. Lakini kwa sharti. Wageni wangu wataletwa na gari mpaka hapa, na farasi huyu akae hapa hapa. Sitaki ashuke tena barabarani, halafu siku nyingine nikute mnachokonoa matundu."

Pale farasi angeweza kukaa mahali pamoja tu: kona ya shamba la yule jirani. Yule mama alikuwa anasikiliza, na jirani alijua anasikiliza. Akakunja mikono.

"Kaka yangu," nikamwambia, "naomba kona yako nijenge banda."

"Nani anaomba? Bwana Diploma?"

"Mimi. Nitatibu ng'ombe wako bure, na uzio nitaujenga mwenyewe."

"Ng'ombe wangu ungewatibu bure hata hivyo, ni jirani yako." Akamtazama farasi. "Kona chukua. Ila kabla ya Mzungu yeyote, napanda mimi. Leo."

Nilimwambia avue mabuti ya mvua, akakataa. Tulimpandisha watatu, kwa sababu alikuwa mzito na hakutaka kukunja goti. Akashika manyoya ya shingo kwa mikono miwili, akamwita mkewe kwa sauti ambayo nadhani ilifika mjini Katesh, na mimi nikashika kamba nikatangulia polepole juu ya nyasi, nikimwambia aangalie mbele na ateremshe visigino, kama ninavyomwambia mgeni yeyote.