Chungu cha Kumlaza Paka

Yule paka nilimuunguza mimi, na mimi ndiye niliyesema hafi. Waliotaka kusema walisema wee mpaka wakachoka. Sikumsikiliza mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi na mama tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Burundi, tukapata chumba Ujiji kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anakamua mawese uani kwake. Alitupa chumba, sisi tukampa mikono yetu. Tulichemsha chikichi, tukatwanga, tukakamua, mpaka viganja vikawa rangi ya machungwa na havitakati hata kwa sabuni. Paka alikuwa wa ua mzima, maana yake hakuwa wa mtu. Alijichagulia chumba chetu mwenyewe, nadhani kwa sababu hatukuwa na samaki wa kumfukuzia.

Watu wa mbali hucheka wakisikia Kigoma kuna baridi. Waje mwezi wa saba, walale kwenye sakafu ya udongo bila godoro, upepo wa ziwani uwaingilie chini ya mlango alfajiri, halafu tuongee. Hata paka alikuwa anashinda jikoni, kajibana kwenye mafiga. Siku niliyomuunguza nilikuwa nakoroga pipa la mawese ya moto kwa hasira, na aliyeniudhi simkumbuki hata. Mawese yakaruka, yakamwagikia mgongo wake wote.

Baada ya siku chache manyoya yakapukutika. Kuanzia shingoni mpaka mkiani ikabaki ngozi tupu, nyekundu, na yeye anatetemeka mchana kweupe.

"Mtoe nje akafie huko," akasema mwenye nyumba. "Hapa si hospitali ya paka."

"Hafi," nikamwambia. "Nitamtafutia cha kumfunika."

"Astaghfirullahi! Wewe na mama yako mnagombania blanketi moja, leo unamtafutia paka nguo?"

"Ndiyo. Namtafutia."

Akanitazama juu mpaka chini. Alikuwa amezoea kwangu maneno mawili tu, asante na samahani. Mwaka mzima nilikuwa nayasema hayo, asubuhi na jioni, kwake, kwa majirani, kwa muuza dagaa, hata kwa mtu aliyenikanyaga mimi. Yalikuwa yamenifika hapa kooni. Kwa paka huyu sikuwa na asante wala samahani ya kumpa mtu.

Mama naye hakuwa upande wangu. Alisema nimepata kichaa, akavuta blanketi letu akageukia ukutani. Sawa, nikasema, sikuombi blanketi.

Nilikwenda kuokota chungu kikubwa kilichovunjika mdomo, kilikuwa kimetupwa nyuma ya choo. Nikakilaza ubavu chumbani kwetu, kwenye ukuta uliopakana na jiko, kwa sababu ukuta ule ulikuwa unashika joto la moto mpaka usiku. Ndani nikajaza makapi ya chikichi, zile nyuzi zinazobaki mafuta yakishakamuliwa. Uani yalikuwa yamejaa tele, sisi tulikuwa tunawashia moto tu. Nikayashika, laini, mazito. Nikajiona fundi.

Loo! Asubuhi paka alitoka mle mbio, anajigonga ukutani, anajilamba, anapiga kelele. Sisimizi! Mstari mweusi kutoka mlangoni mpaka ndani ya chungu, wamefuata mafuta yaliyobaki kwenye nyuzi, na kidonda chake kilikuwa katikati ya karamu. Mtu anayetwanga chikichi kila siku, mtu anayefagia sisimizi kwenye pipa kila asubuhi, anasahau kwamba makapi yana mafuta! Mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini. Akawaita na majirani waje waone kitanda cha paka wa mkimbizi.

Niliwaacha wacheke. Nilimtoa paka sisimizi mmoja mmoja kwa kucha zangu, huku machozi yananitoka, nikayaacha yatoke. Kisha nikayachemsha yale makapi na majivu, nikayasuuza ziwani, nikayachemsha tena, nikayaanika juu ya mawe pembeni ya wanawake wanaoanika dagaa. Waliniuliza ninaanika nini. Nikawaambia godoro la paka. Wakaulizana kwa Kiha kama mimi ni mzima, na Kiha nakisikia vizuri, kinakaribiana sana na Kirundi chetu. Nikawajibu kwa Kirundi kwamba mimi ni mzima kuliko wao.

Yalipokauka yalikuwa mepesi, hayanuki, hayanati. Nikayarudisha kwenye chungu, nje nikakizungushia majani makavu ya mgomba, nikayafunga kwa kamba ya mgomba huohuo. Nikampaka paka asali kwenye kidonda, nikamwingiza, nikamwaga majivu kukizunguka chungu sisimizi wasivuke. Alizunguka mara mbili, akajikunja. Nikatia mkono ndani baada ya muda. Palikuwa na joto kuliko pale nilipolala mimi.

Akaacha kutetemeka. Akaanza kula. Manyoya yalikuwa bado, lakini kidonda kilikauka, na mwenye nyumba akaacha kucheka.

Ndipo likaja tangazo kwamba wakimbizi wote wanaoishi mjini wapelekwe kambini, huko juu bara, ambako kila mtu alituambia baridi yake si ya mchezo. Lori lilikuja asubuhi. Mwenye nyumba alitufungia mihogo, na alilia, sitamnyima haki yake. Mimi nilibeba chungu, paka ndani, nimefunika mdomo kwa kanga.

Karani aliyekuwa na orodha akainua kanga.

"Paka hapandi."

"Hana manyoya, ndugu yangu. Nikimwacha nje baridi itamuua."

"Nimesema paka hapandi. Watu wenyewe hawaenei. Weka chini, au mshuke kwenye orodha."

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu. Ujeuri wote niliokuwa nao kwa mwenye nyumba, kwa wanawake wa dagaa, uliyeyuka mbele ya ile karatasi. Niliinama. Nilikuwa nimeshaanza kukiweka chungu chini.

"Oya," akasema mama nyuma yangu, kwa Kirundi. Hapana.

Akanipita, akakiinua chungu mwenyewe, akasimama mbele ya karani. Tangu tuvuke hakuwahi kutaja yaliyobaki kule Burundi, hata kwangu.

"Mama yangu alikuwa hawezi kutembea," akamwambia. "Nilimwacha kitandani, yu hai, ananiangalia. Mimi kuacha nimeshamaliza. Futa jina langu kama unataka."

Karani akakunja karatasi yake, akasogea pembeni.

Mama alikipakata chungu kile mpaka kambini, mkono mmoja ndani, na kila nilipomwomba nimpokee alikataa.