Samaki wa Mama Salumu

Enzi zetu sisi tuliokulia Kasongo wakati wa Wabelgiji, mtoto alijitafutia mwenyewe cha kuchezea. Wavulana walifunga mpira kwa majani makavu ya migomba na kamba. Sisi wasichana tulichora miraba uani tukairuka kwa mguu mmoja mpaka vumbi linafika magotini. Asubuhi tulikwenda chuoni kusoma Kurani, kila mmoja na ubao wake unaonuka wino wa masizi. Ukirudi ulikuta wali wa mchele mpya na sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa mawese mpaka inang'aa, na ukichelewa ulikuta sufuria limeshapanguswa. Wajukuu wangu nikiwasimulia haya wanacheka, wananiuliza jioni tulikuwa tunaangalia nini. Wao wanaangalia simu mpaka chai inapoa. Nikiwajibu kwamba sisi tuliangalia samaki, wanatazamana, wakidhani uzee umenipanda kichwani.

Samaki wenyewe walikuwa wa yaya Salumu. Yaya ndivyo tulivyomwita mkubwa wetu nyumbani, na Salumu ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza wa mama yetu. Baba alikuwa na kiduka karibu na soko, na siku moja kifuniko cha ile chupa kubwa ya peremende kikavunjika. Ilikuwa chupa ya kioo, nene, yenye mdomo mpana kiasi cha kuingiza mkono mzima. Salumu aliiomba kabla Baba hajamaliza kulalamika. Akaenda kijitoni na kipande cha kitambaa cha zamani, akarudi na samaki wadogo wadogo, hakuna hata mmoja aliyezidi kidole. Dume lilikuwa la manjano, midomo yake ya buluu, linajipitisha huku na huku utadhani limenunua mtaa. Majike walikuwa na rangi ya mchanga tu, huwaoni mpaka wajitikise.

Mama alikasirika, kwa sababu mtungi wake wa maji ndio uliotumika kuwaletea. Lakini Salumu alijua kumtuliza. Aliiweka chupa kwenye baraza, mahali ambapo jua la asubuhi hufika kidogo kisha likaondoka, akatia mchanga na jani moja la mtoni. Kila siku alitoa maji nusu na kuongeza mengine ya kijito, yaliyokwisha kutulia. Aliwalisha vijidudu vya mbu alivyovichota kwenye pipa la mvua, na kumbikumbi waliosagwa msimu wao ulipofika. Jioni tulikaa sote kuizunguka ile chupa, na Mama akitwanga alisogeza kinu karibu, akijidai anatafuta upepo.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, jike mmoja akaacha kula. Mashavu yalimvimba, mdomo akaufunga kabisa, ukimtupia chakula anakipita. Sisi watoto tulitangaza mtaani kwamba kwetu kuna samaki anayefunga.

"Mumuache," Mama alituambia. "Iko nafunga sawa sisi."

"Sasa mbona magharibi hafuturu?" Baba akamuuliza.

"Labda nakula wakati tumelala. Wewe unamuchunga?"

Watu walikuja kumtazama samaki huyo, na mzee mmoja aliyekuwa akila mchana kwa kujificha alisemwa mpaka akaona haya, eti hata samaki anamshinda. Mfungo ulipokuwa unaelekea mwisho, tukaamka tukakuta kinywa kimefunguka, na vitoto kama punje za ulezi vinatoka. Kumbe alikuwa amevifuga mdomoni muda wote ule. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Furaha ile ya nyumbani kwetu bado naisikia kifuani, na inaniuma kwa sababu sikuwahi kuiona tena vile.

Baba alipoinama kutazama, kivuli chake kikaangukia chupa. Jike akafungua kinywa, vitoto vyote vikakimbilia ndani. Baba akashtuka, akataka upawa wa kumtoa kabla hajavimaliza. Salumu akamshika mkono.

"Baba, usimutoe. Haiko nawakula. Iko nawaficha."

Tukarudi nyuma, tukangoja. Kivuli kilipoondoka na maji kutulia, kinywa kikafunguka tena, vitoto vikatoka kimoja kimoja. Mama alikuwa na ungo wa mchele mikononi. Alisimama pale na ungo wake muda mrefu, hapepeti.

Mwaka uliofuata wakaja watu kutafuta vijana wenye nguvu wa kwenda kuchimba madini upande wa Kalima. Salumu alikuwa ameshakuwa kijana, na rafiki zake wengi wamejiandikisha. Baba alisema yeye hana neno. Lakini kwetu mtoto hakutoka kwenda mbali bila radhi ya mama yake, na radhi haikuwa ya kunyamaza. Ilibidi mama afungue kinywa, aseme mwenyewe, "Uwende." Asiposema, mtoto alibaki, hata kama mzigo umeshafungwa. Salumu aliliheshimu hilo. Akamfuata Mama jikoni, kisimani, shambani, akimbembeleza. Mama akapika, akafua, akapalilia, neno halitoki. Sisi wadogo tulimwombea Mungu asiseme.

Mwisho, asubuhi ile ambayo lori la kuwachukua vijana lilikuwa linangurumia sokoni, Mama alimtazama usoni akaona jinsi alivyokuwa na huzuni. Nadhani hilo ndilo lililomshinda.

"Haya, uwende," akasema. "Uwende, mutoto yangu, Mungu akuchunge."

Salumu akambusu mikono. Kisha akatuonyesha chupa barazani. "Mama, uniangalilie samaki yangu. Wasikwishe. Nikirudi, nataka niwakute."

"Utawakuta," Mama akamwambia.

Toka siku hiyo samaki wakawa wa Mama. Tulipokwenda kuchota maji, la kwanza kuulizwa lilikuwa maji ya samaki. Alijifunza kuona ni jike yupi amefunga kinywa, akamtenga kwenye beseni ili dume lisimsumbue, na vitoto vilipokua akavirudisha kwenye chupa. Wakubwa walikufa, wakazaliwa wengine, wengine tena, lakini Mama hakutaka kusikia kwamba hao si wale wale. Alikuwa ameolewa kutoka Wamaza, huko Kabambare, na aliongea nasi Kiswahili tu. Samaki aliwasemesha Kibangubangu, lugha ya kwao. Sikuelewa maneno yote, ila jina la Salumu nililisikia.

Wenzangu wa rika langu wanakumbuka ukaguzi wa usafi. Mtu wa serikali aliingia uani na kaptula yake ya kaki iliyopigwa pasi, akachungulia kila chungu, na mahali penye maji yaliyosimama akamwaga, kwa sababu ya mbu. Siku alipofika kwetu akaikuta chupa na beseni. Mama akamweleza kuwa samaki ni wa mtoto wake aliye kazini, na kwamba hao hula vijidudu vya mbu wenyewe. Yule mtu alikuwa na haraka.

"Maji yenye kusimama haitakiwi," akasema, akainua chupa akaimwaga uani, kisha beseni. Akaenda kwa jirani.

Mama alipiga magoti kwenye tope. Kuku walikuwa wameshafika. Aliwafukuza kwa mkono mmoja, mwingine unapapasa, lakini udongo wa Kasongo unakunywa maji upesi, na kila alichookota kilikuwa kimeshalegea. Jike mmoja tu alimkuta akipumua chini ya jani, kinywa kimebanwa. Akamfunika kwa pindo la kanga lililolowa, akamtia kwenye kibuyu cha maji ya kunywa. Mama hakula chakula chake siku hiyo. Kesho yake akatuita kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu lori liondoke. Jike yule alikuwa amefungua kinywa, na vitoto vilikuwa vinaogelea kando yake, vizima.

"Mumeona?" Mama akasema. "Walimumwanga chini na hakufungua. Na Salumu atarudi."

Tulimwamini. Chupa ikajaa tena, na safari hii Mama aliificha nyuma ya magunia dukani kila aliposikia wakaguzi wapo mtaani. Baba, aliyekuwa mtu wa kuogopa serikali, alisogeza magunia mwenyewe.

Salumu hakurudi. Alikuja mwenzake wa kazini, amebeba blanketi la Salumu limekunjwa vizuri, akakaa kwenye ukingo wa mkeka akizungusha kofia yake. Alituambia udongo uliwaangukia Salumu na wenzake shimoni. Walimzika kule kule. Baba alilia mbele yetu, na sisi sote tulilia. Mama alilipokea blanketi, akalinusa, akaenda kuwabadilishia samaki maji.

Watu waliofika matangani waliendelea kumwita Mama Salumu, maana mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na kila walipomwita aliinua kichwa. Wengine walimshauri aitupe chupa isimtie uchungu. Siku ya arobaini, kisomo kilipokwisha na wali umeshaliwa, aliichukua chupa kichwani akaniambia nimfuate. Tulikwenda hadi kijitoni, mahali pale pale Salumu alipowavua. Mama akaingia mpaka magotini, akailaza chupa polepole. Dume likatoka kwanza na midomo yake ya buluu. Wengine wakafuata. Wa mwisho alikuwa jike mmoja na vitoto vyake. Maji yanayotembea yalimtisha, akafungua kinywa, vikaingia vyote. Akazama kwenye majani, kinywa kimefungwa.

Mama alibaki ameinama.

"Huyu amenishinda," akasema. "Yeye anafunga kinywa. Mimi nilifungua yangu, nikasema uwende."

Nikabeba chupa, tukarudi.

Tangu siku hiyo Mama hakutoa radhi kwa maneno tena. Nilipoolewa, wadogo zangu walipohama mmoja mmoja, alitutazama machoni akavuta pindo la kanga akafunika mdomo, na sisi tukajua hakukataa. Watu waliona ajabu, mama kuagana na mwanawe bila neno. Aliishi hivyo mpaka akafa, na samaki hakufuga tena.

Chupa ninayo mimi, natia chumvi. Kijito kile siku hizi wanaoshea pikipiki, mafuta yanaelea juu, na watoto hawachovyi hata mguu. Sasa kuaga kumekuwa kwa kelele. Wajukuu wanakumbatiana, wanapigana picha, mmoja anasema kwaheri mara nyingi hata hajafunga mzigo, na kabla hajavuka mto Lualaba ameshapiga simu kuuliza tunapika nini. Sisi tulipewa neno moja, tena tulilisubiri siku nzima jikoni. Nawacheka, lakini wakati mwingine nawaonea wivu.

Juzi mjukuu wangu wa mwisho aliondoka kwenda kutafuta kazi mbali. Alipanda nyuma ya pikipiki, begi mgongoni, akageuka kwangu.

"Bibi, huniagi? Sema basi niende."

Nikavuta kanga nikafunika mdomo. Akacheka, akamwambia dereva kwamba bibi yake ana haya. Pikipiki ikaondoka, nami nikakaa barazani hivyo hivyo, kinywa nimekifunga, mpaka sauti yake ikapotea upande wa soko.